Siku moja na kijana wa taulo

Saa 11:30 alfajiri, Kimara Mwisho. Mimi ni mwelekezi wa kazi. Namsindikiza mtu mwenye ulemavu wa akili kwenye ajira mpaka aweze kwenda bila mimi. Leo ni kijana wa miaka 26, anafanya kazi chumba cha kufulia cha hoteli moja katikati ya Dar es Salaam. Mwanzoni tulikaa naye bega kwa bega kwenye basi la Mwendokasi. Siku hizi nasimama nyuma kabisa kama simjui. Hasomi majina ya vituo. Akiliona kanisa la Azania Front anajua amefika Posta ya Zamani, anashuka.

Saa 1 asubuhi. Taulo. Zamani alipitia mafunzo ya ushanga na mikeka, miaka inakwenda, ajira haionekani. Mimi naamini katika kinyume chake: mtu aingie kazini kwanza, ajifunzie palepale, kwenye meza ileile atakayoifanyia kazi. Kukunja taulo tumekugawa hatua saba, kila hatua na picha ya mikono yake mwenyewe, zimebandikwa ukutani. Siku hizi haziangalii.

Shida ilikuwa maelekezo. Msimamizi alikuwa akisema, “Malizia hizo, peleka foronya ghorofa ya tatu, ukirudi pitia stoo,” kwa pumzi moja. Kijana anabaki amesimama, watu wanasema haelewi. Tukakubaliana: jambo moja, likiisha ndipo lingine. Msimamizi ananiambia hata wale wengine sasa hawamuulizi mara mbili.

Saa 4. Chai na chapati. Hapa ndipo ninapokaa macho zaidi kuliko kwenye mashine. Kijana ni mkarimu, hajui kukataa, kwa hiyo alikuwa akitumwa na kila mtu: vocha, maji, sigara. Mapumziko yanaisha hajanywa chai. Tumefanya mazoezi ya sentensi moja tu, na leo fundi wa viyoyozi alipomnyooshea noti akaisema: “Kaka, nakunywa chai.” Fundi akacheka, akaenda mwenyewe. (Mle ndani bado kuna wanaomwita “mtoto wetu”. Ana ndevu.)

Saa 6 mchana. Kampuni nyingine, ofisi ya rasilimali watu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Afisa anaijua vizuri. “Tuletee, ila awe wa ulemavu wa miguu.” Nimeshasikia hiyo sana, sibishani. Nauliza kazi gani inawalundikia kila wiki. Anafikiri, anasema ghala: kubandika lebo na kupanga maboksi, vijana wanachoka wanaacha. Naomba kuliona ghala. Ijumaa, anasema.

Saa 9 alasiri. Narudi hotelini kwa jambo la mshahara. Mama yake alitaka uingie kwenye simu yake yeye, na namwelewa: anaogopa mwanawe atatapeliwa. Lakini aliyefanya kazi ni nani? Tulifuatilia namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, laini ikasajiliwa kwa alama zake za vidole, na leo tunarudia jinsi ya kuangalia salio huku namba ya siri ikibaki siri, hata kwangu. Mwezi uliopita alinunua umeme wa nyumbani. Kaka yake mkubwa, ambaye zamani hakuwa akimsalimia vizuri, sasa anamkopa. Hilo nalo tutalifanyia mazoezi.

Saa 10:30. Anapanda basi peke yake. Simfuati.

Saa 1 usiku. Mama anapiga, sauti ya juu. “Mwalimu, amechelewa saa nzima! Kumbe alishuka Ubungo na wenzake wa kazini, wakala mihogo, hata kuniaga hakuniaga!” Nikamuuliza nani alilipa. Akasema wamechanga.