Nilikuwa nalilia kazi ambayo hata siipendi

Miaka minne nimeishi kwa kusikiliza watu wakiongea. Ndo ilikuwa kazi yangu, unaletewa rekodi ya mahojiano, unavaa hedifoni, unaandika kila neno, mtu akikohoa unaandika amekohoa. Rekodi ya saa moja inakula masaa manne, na kama wahusika wanakatizana ndo kabisaa. Halafu hizi programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zikawa nzuri ghafla, ile ya nusu siku kompyuta inaimaliza hujakaa hata vizuri kwenye kiti, na meneja akaanza kutuita mmoja mmoja ofisini. Mimi niliitwa wa tatu.

Nikafanya kama kila mtu anavyofanya, nikaingia mtandaoni kutafuta kazi ambazo hazitakufa. Usijisumbue jamani. Orodha moja inasema jifunze kuprogramu, ya mwaka unaofuata inasema waprogramu ndo wanaanza kuondoka. Na si waandishi wa orodha tu wanaokosea. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, na huyu si mtu wa kubeza maana 2024 alipewa Nobel ya fizikia kwa mchango wake kwenye hii hii akili bandia (AI), alisema tuache kufundisha madaktari wapya wa kusoma X-ray, eti ndani ya miaka mitano, au labda kumi, mashine itakuwa imewapita. Mitano ikaisha na madaktari hao bado wanatafutwa. Mashine zimeingia kweli, ila kusoma picha ni kipande tu cha siku yao, kuna kushauriana na madaktari wengine, kuamua mgonjwa apigwe picha gani, kutia saini na kubeba lawama ikikosewa.

Hiyo ilinikalia kichwani. Kumbe ninachokiita kazi ni furushi, vijikazi kumi vimefungwa pamoja vikapewa jina moja, sasa soko linakuja linafungua linachomoa viwili linaingiza vitatu. Angalia makeshia wa benki. ATM zilianza mwaka 1967 kule London, na ukifikiria haraka haraka unasema keshia kwisha habari yake. Marekani haikuwa hivyo, ATM zilisambaa kila kona na kwa miaka mingi idadi ya makeshia ilizidi kupanda taratibu, kwa sababu tawi moja lilihitaji watu wachache hivyo benki zikafungua matawi mengi zaidi, na keshia akapunguza kuhesabu noti akaanza kuongea na wateja kuhusu mikopo. Walikuja kupungua baadaye sana, mteja alipoanza kufanya mambo yake kwenye simu bila kukanyaga tawini.

Basi nikachukua daftari nikaandika furushi langu lote, kitu kimoja kimoja, na pembeni yake nikaandika kama nilikuwa nakifurahia au la. Nilikuwa mkweli maana hakuna wa kuniona. Kuchapa, hapana. Kukaa peke yangu na hedifoni siku nzima, hapana kubwa. Kumpigia simu mtafiti kumuuliza hapa dakika ya kumi na mbili huyu mzee alimaanisha nini, ndiyo. Kugundua kwamba mtu kasema hivi mwanzoni na mwisho kasema kinyume, ndiyo tena ndiyo. Aisee, kitu mashine ilichonipora ndo kile nilichokuwa nakichukia. Miezi miwili nakosa usingizi kwa ajili ya kuchapa!

(Wale wa "fuata ndoto yako" mnisamehe, mimi sikuwa na ndoto yoyote, nilikuwa na kodi ya nyumba.)

Kupata kazi nyingine ni hadithi ya aibu kidogo. Nilituma maombi mengi sana, kimya. Iliyokuja kuniokoa ni meseji niliyomtumia mtu ambaye tulikuwa hatujawasiliana miaka miwili, mtafiti aliyewahi kuniletea rekodi zake, nilivyoituma nikaizima simu kabisa kwa aibu. Mwanasosholojia mmoja, Mark Granovetter, aliliandika hili mwaka 1973, kwamba watu tunaojuana nao juu juu ndo wanaotuletea habari mpya, kwani marafiki wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua sisi. Natamani ningelijua kabla sijaanza kuwalilia washkaji zangu ambao nao walikuwa wanatafuta kazi.

Sasa hivi mashine inachapa, mimi napitia na kutafuta palipoharibika, na siku nyingine natumwa kuhoji mwenyewe. Mshahara umeanza chini ya ule wa zamani, sitadanganya, na umechukua muda kuufikia. Na bado sijatulia, juzi tumeletewa programu inayotunga maswali ya mahojiano. Nimeijaribu. Maswali mazuri tu, mengine kuliko yangu. Nikaenda nayo kwa mama mmoja, swali la nne akanyamaza, akanyamaza kama dakika nzima hivi, nami nikanyamaza naye, na alichokuja kusema hakikuhusiana kabisa na swali lenyewe, ila ndo kilikuwa mahojiano yote. Niliporudi nimekiandika kwenye daftari, upande wa ndiyo.