Siku moja maishani mwangu: nahesabu wiki za watoto njiti hapa Dodoma

Saa 11 na nusu alfajiri

Nikiamka tu naangalia simu, maana tumekubaliana na masista wa zamu ya usiku akizaliwa njiti waniandikie uzito. Leo yupo mmoja, kilo 1.4. Nje upepo wa Julai unavuma vile wa Dodoma unavyojulikana, na baridi hii kwa mtoto wa kilo moja na kitu ni hatari kweli, hana mafuta mwilini, akipoa sukari inashuka na kupumua kunakuwa kazi. Chai ya haraka, bodaboda, naondoka.

Saa 1 asubuhi

Watu wananiuliza sana, mtafiti anafanya nini wodini wakati hatibu? Kazi yangu kubwa ni kuhesabu wiki za mimba. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 huyo ni njiti, lakini kilo 1.4 peke yake haikwambii wiki, anaweza akawa wa wiki 31 na uzito wake uko sawa kabisa, au wa wiki 36 ambaye hakukua vizuri tumboni, na hawa wawili shida zao hazifanani, wa kwanza hofu kubwa ni mapafu ambayo hayajakomaa, wa pili mara nyingi mapafu yapo vizuri ila alikosa chakula akiwa bado ndani. Ukiwaandika kundi moja utafiti wako wote umeharibika.

Na hesabu hii ina uzito wake. Takwimu za kitaifa za 2022 zinaonyesha vifo vya watoto chini ya miaka 5 vimeshuka mpaka 43 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai, kutoka 67 ya 2015/16, tumepiga hatua kubwa jamani. Ila wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi ni 24, zamani walikuwa 25. Yaani hapo karibu hatujasogea, na hapo ndo walipo njiti.

Saa 2

Chumba cha kangaruu. Hapa ningeweza kukaa siku nzima. Mama ameegemea mito, mtoto yupo kifuani ngozi kwa ngozi, kofia, soksi, nepi basi, kanga imefungwa ikakaza. Njia hii ilianza Bogotá kule Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa miaka mingi sheria ilikuwa hali ya mtoto itulie kwanza ndo aanze. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa nchi 5, Tanzania tukiwemo pamoja na Malawi, Ghana, Nigeria na India, watoto wa kilo 1 mpaka chini kidogo ya 1.8, wakalinganisha walioanza mara tu baada ya kuzaliwa na waliosubiri watulie. Walioanza mapema walifariki 12 katika kila 100, waliosubiri karibu 16. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda maana faida ilishaonekana, na 2022 WHO ikabadilisha mwongozo, sasa ni kuanza mara moja, masaa 8 mpaka 24 kwa siku.

Mama wa yule mtoto mpya kafanyiwa upasuaji, bado hajaweza kukaa, kwa hiyo sista kamvua shati baba. Kijana mkulima, kakaa wima hata hapumui vizuri. "Sista, na mimi joto langu linamtosha?" "Linamtosha baba, we tulia tu." Nilitamani wanaume wote wa mkoa huu wamwone.

Saa 4

Sasa hesabu yenyewe. Kadi ya kliniki ya mama wa yule mtoto mpya imeandikwa tarehe ya kukadiria, kliniki ya kwanza alienda mimba ishakuwa kubwa. Namsomea fomu ya ridhaa taratibu, anakubali, nauliza siku zake za mwisho, hakumbuki. Hapa kalenda ya ukutani haisaidii, nauliza shamba. Mama mkwe yupo pembeni, nilishamwamkia "mbukwa" akacheka, ndo akaingilia: "Mwanangu, wakati tunapanda uwele alikuwa nazo, kwenye palizi hakuziona tena." Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, walipanda mvua za kwanza, mwanzoni mwa Desemba. Nikarudi kwa mtoto, nikaangalia mikunjo ya nyayo, ugumu wa sikio, ngozi, chuchu. Vyote vinaelekea wiki 31. Bibi kasaidia sayansi leo na nimemwambia hivyo.

Kitanda cha pili kuna dada kaajiriwa kampuni binafsi, analia likizo itaisha mtoto akiwa bado mdogo. Nikamweleza sheria ya kazi imerekebishwa 2025, aliyejifungua njiti anaongezewa likizo mpaka zitimie wiki 40 za mimba. Lakini ona, na huko pia lazima wiki zijulikane.

Saa 7

Ugali na mlenda, narudi.

Saa 8

Kliniki ya wajawazito, naongea na manesi kuhusu ultrasaundi kabla ya wiki 24, maana ndo inatoa umri wa mimba wa kuaminika. Kuna sindano za deksamethazoni tunazompa mama anayetaka kujifungua kabla ya wiki 34, zinakomaza mapafu ya mtoto na zinaokoa kweli. Ila 2015 kuna utafiti wa nchi 6 ulionyesha pale dawa ilipoenezwa bila kujua wiki vizuri, wengi waliopewa hawakuwa wa njiti, na vifo vya wachanga viliongezeka badala ya kupungua. Dawa ile ile! Ndo maana sichoki kuwasumbua manesi, mama akija mapema muandikieni tarehe hapo hapo asije akaisahau.

Saa 10

Kuingiza data. Kila namba mara mbili, macho yanauma.

Saa 12 jioni

Napiga simu kwa walioruhusiwa. Wengi simu ni ya mume au jirani, unasubiri aitwe. Mmoja wa Bahi mwanae anaongezeka vizuri na bado anambeba kifuani hata akienda kisimani. Wa Chemba hapatikani, mtandao kule unasumbua, na mtoto wake alitoka hapa ana kilo 1.9, siwezi kumuacha hivi hivi. Nimeongea na mhudumu wa afya wa kijiji chao, kesho asubuhi anapita nyumbani kwao na mizani.