Kipande cha Rambo

Sabasaba ya mwaka 2012 nilikuwa kijana wa boti pale Kunduchi, Dar es Salaam, chini ya mjomba wangu, aliyekuwa akivusha watu kwenda kisiwa cha Mbudya na kuwarudisha. Sikukuu kama ile abiria hawaishi. Huyu ana sufuria la pilau, yule ana spika, na wote wanataka wawe wa kwanza kukalia kivuli. Tuliondoka na watu 9. Mashine yetu ilikuwa ya farasi 40, tu-stroki, ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli, kuukuu lakini haikuwa na maneno.

Tulipofika kama katikati ya maji, ikalegea. Haikukatika kwa kishindo. Sauti ilishuka tu, pua ya boti ikalala, mawimbi ya kusi yakaanza kutupiga ubavuni. Mjomba akaongeza resi, ikazidi kufa. Akairudisha sailensa, mngurumo wa chini kabisa, ikahema kidogo, kisha kimya. Akavuta kamba, ikawaka mara moja, abiria wakapiga makofi. Dakika tatu hivi mbele, hali ileile.

Nilikuwa nimeshashika spana ya plagi. Ndiyo tabia yetu vijana, kila ugonjwa wa mashine ni plagi.

“Weka chini hiyo, mjomba,” akaniambia. “Plagi mbovu haikupi dakika tatu nzuri kila ukiwasha. Inakojoa?”

Nikachungulia nyuma. Maji ya kupozea yalikuwa yanatoka vizuri, wala kichwa hakikuwa cha moto kupita kawaida. Propela nayo akaitoa kwenye hesabu: mpira wake wa ndani ukiteleza, mashine hupiga kelele juu na boti haiendi. Yetu ilikuwa inafifia.

“Hii ina njaa,” akasema.

Akainamia ule mpira wa kuminya ulio kwenye hozi ya mafuta. Ulikuwa umebonyea, bapa kabisa, kama embe lililokwisha kufyonzwa. Ungekuwa umejaa na mashine inachangamka kila ukiuminya, angeshuku pampu ya kwenye mashine. Lakini mpira bapa maana yake mashine inavuta na tenki halitoi. Akagusa kizibo cha hewa cha tenki, kiko wazi. Akafungua na mfuniko wenyewe. Mpira haukujaa.

Hapo ndipo tumbo langu lilipoanza kuuma, kwa sababu nilikumbuka asubuhi.

Dumu la lita 20 nililoendea petroli mfuniko wake ulikuwa hauna wosha. Nikafanya kama tufanyavyo kwenye madumu ya mafuta ya kula: nikachana kipande cha mfuko wa plastiki, ile tuliyoiita Rambo, wa buluu, nikakifunika mdomoni halafu nikakaza. Ufukweni nikachanganya oili mililita 400, nikamimina yote kwenye tenki. Baadaye nikaona mfuniko upo, kipande hakipo. Nikakitafuta mchangani kidogo, nikajiambia kimepeperuka. (Mifuko ile ilipopigwa marufuku mwaka 2019 watu walilalamika watabebea nini nyanya. Mimi niliwaza tenki.)

“Mwanangu, tutafika?” mama mmoja aliyempakata mtoto akaniuliza.

“Tutafika, mama.” Zaidi ya hapo sikufungua mdomo, na upepo ulikuwa unatusogeza upande wa Ununio.

Mjomba akavuta dumu dogo la akiba, lita 5 zilizokwisha kuchanganywa. Akamwambia kijana mmoja azime sigara, na hakumwambia kwa upole. Akachomoa hozi kwenye tenki, akaitumbukiza kwenye dumu, akakaza mdomo kwa kitambaa, akaacha upenyo wa hewa. Akaminya mpira mpaka ukawa mgumu, akavuta kamba. Tulikwenda kwa resi yote hadi Mbudya, mimi nimekumbatia dumu, macho yananiwasha kwa mvuke wa petroli.

Kisiwani, abiria waliposhuka, tukamimina mafuta ya tenki kwenye dumu kupitia kitambaa. Yalipobaki ya mwishomwisho, kikateleza nje, buluu ileile. Nailoni huelea majini, lakini kwenye petroli huzama, na chini ndiko bomba linakofyonzea. Mashine ikivuta, kinaziba mdomo wa bomba; ikizima, kinaachia. Ndizo zile dakika tatu.

Mjomba akakiinua kwa vidole viwili.

“Cha nani hiki?”

“Changu, mjomba.”

“Tangu saa ngapi unajua?”

Sikujibu. Akakikung'uta, akakitia mfukoni mwa shati langu, akaenda kuagiza samaki. Jioni wakati wa kurudi alimpa kijana wa boti nyingine mkono wa mashine aongoze. Mimi nilikaa mbele na masufuria matupu.