Kitabu Kilichopotea Ndani ya Nyumba ya Bwana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tukae na 2 Wafalme 22.

Mfalme Yosia wa Yuda alikuwa kijana wa miaka 26, mwaka wa 18 wa kutawala kwake, alipoagiza hekalu la Yerusalemu likarabatiwe. Fedha zilizokusanywa mlangoni zikatolewa kwa maseremala, wajenzi na waashi. Kazi ikiendelea, kuhani mkuu Hilkia akakiona kitabu cha torati. Na alikiona wapi? Humo humo hekaluni. Makuhani walikuwa wakiingia na kutoka, sadaka zinatolewa, na hakuna aliyekuwa akiuliza Neno la Mwenye nyumba liko wapi. Jambo hili hunitisha kila nikilisoma.

Mwandishi Shafani alipofika kwa mfalme alianza na hesabu: fedha zimetolewa, mafundi wamekabidhiwa. Ndipo akaongeza kwamba Hilkia kuhani amempa kitabu. Taarifa ya fedha ilitangulia, na Neno la Mungu likaja mwishoni, kama yale "mengineyo" ya vikao vyetu.

Mfalme akasomewa, akararua mavazi yake. Tusilipite hili haraka. Hapakuwa na mtu katika Yuda yote aliyekuwa juu ya Yosia. Angeweza kusema hayo ni maandishi ya zamani. Angeweza kusema babu yake Manase aliyavunja yote na bado akatawala miaka 55. Hakusema. Alikubali kwamba kitabu kile kina haki ya kumhukumu yeye, na baba zake, na kila desturi aliyoikuta. Ndiyo maana ya kusema Maandiko yana mamlaka: mkubwa kuliko wote anaposomewa, ananyenyekea.

Kisha akatuma watu kwa nabii Hulda, aliyekaa Yerusalemu, mke wa Shalumu mtunza mavazi. Sikilizeni alivyojibu. Hakuleta ufunuo wa kukiweka kitabu kando. Alisema mabaya yote yaliyoandikwa katika kitabu alichosomewa mfalme yatakuja kweli, akampa na Yosia neno lake binafsi kwa sababu moyo wake ulikuwa mwororo mbele za Bwana. Nabii wa kweli alisimama chini ya lililoandikwa.

Hapa ndipo ninapoliona pengo letu. Sauti iliyorekodiwa inarushwa kwenye makundi ya simu, "Mtumishi ameoneshwa," na kabla ya jioni watu wamefunga, wametoa sadaka, mwingine ameacha dawa zake za presha. Anayeuliza imeandikwa wapi anaambiwa ana roho ya upinzani. Jamani, watu wa mji wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, na bado "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo" (Matendo ya Mitume 17:11). Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anawaita waungwana. Kama mtume alipimwa kwa Maandiko na wapimaji wakasifiwa, ni mhubiri gani leo asiyepimika?

Wala kutaja mstari peke yake hakutoshi. Juu ya kinara cha hekalu Ibilisi alimnukulia Bwana wetu Zaburi ya 91. Yesu akamjibu, "Tena imeandikwa." Andiko likafafanuliwa kwa andiko. Majibu yake yote matatu kule nyikani yanatoka Kumbukumbu la Torati, kitabu ambacho wasomaji wengi wa Biblia wanaona ndicho, au sehemu yake, kilichoonekana siku za Hilkia.

Sasa mtazameni Yehoyakimu, mwana wa Yosia, katika Yeremia 36. Ni mwezi wa tisa wa kalenda ya Kiyahudi, baridi, mfalme ameketi mbele ya moto. Mtu aitwaye Yehudi anasoma gombo la nabii Yeremia. Kila akimaliza kurasa tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, hadi gombo zima likaisha. Andiko linasema mfalme na watumishi wake hawakuogopa, wala hawakurarua mavazi yao. Baba alirarua nguo, mwana akakata Neno. Mungu akamwagiza Yeremia achukue gombo jingine, na maneno yale yale yakaandikwa upya, mengine mengi yakaongezwa.

Mbele ya moto ule walikuwepo watu watatu waliomsihi mfalme asilichome. Mmoja wao ni Gemaria, mwana wa yule yule Shafani aliyemsomea Yosia. Naamini nyumbani kwa Shafani kitabu hakikubaki tena mwisho wa taarifa.

Wiki hii tusome 2 Wafalme 22 na 23, kisha Yeremia 36, kwa sauti, nyumbani, watoto wakiwepo. Mwenye swali asione haya. Alilete kwenye ibada ya jumuiya, tulifungulie Biblia pamoja.