Kichaka cha nyuma ya jiko

"Mama, mti gani unakua haraka?"

Kitinda mimba wangu huyo, Ijumaa jioni, begi la shule bado liko mgongoni. Mwalimu wao ameagiza kila mtoto aende na mche kwa ajili ya Aprili 1, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Nilikuwa napepeta mchele. Nikataka kumwambia mjohoro, maana ndio ukweli, mjohoro ukishashika mvua mbili tatu unakupita kimo. Jibu likanikwama kooni. Nilichokiona mbele yangu ni kipande cheusi cha mti, ukubwa wa kidole gumba, kinazama kwenye ndoo ya maji.

Ilikuwa Aprili 2011, chuoni kwetu Mtwara, mimi nipo mwaka wa tatu. Mwaka ule iliamuliwa kuwa siku ya miti isiishie kwenye kuchimba mashimo. Kila mti mkubwa wa pale chuoni upewe kibao cha jina lake, wageni wazungushwe wasome, mwenye shairi aghani chini ya mti anaoupenda, na ngoma ipigwe. Mimi nikapewa kazi ya vibao kwa sababu ya mwandiko wangu. Niliandika kwa rangi nyekundu ya mafuta juu ya vipande vya bati: Mwembe. Mkwaju. Mzambarau. Mwarobaini. Cha mkorosho nilikiandika kwa herufi kubwa kuliko vyote. Ule wa karibu na bweni la wasichana ulikuwa na matawi yaliyolala mpaka chini, tulikuwa tunajisomea humo ndani kama chumbani, na msimu wa mabibo ukifika hata madaftari yetu yalikuwa yananukia mabibo. Mhadhiri mmoja aliwahi kutuambia mkorosho asili yake ni Brazil, Wareno ndio walioufikisha Afrika Mashariki karne ya 16. Darasa zima lilimkatalia. Mtu wa kusini umwambie mkorosho ni mgeni?

Kwenye orodha niliyopewa kulikuwa na mstari mmoja wa mwisho ambao haukuwa na jina la mti. "Nyuma ya jiko: kufyeka vichaka, maegesho ya wageni."

Tulikwenda asubuhi, umande haujakauka, mimi na wenzangu wawili na panga moja. Kwa macho yetu kilikuwa kichaka tu. Mashina manne au matano yameota pamoja, kila moja limepindia kwake, gome la kijivu, miiba, majani madogomadogo. Wapishi walikuwa wanaanika matambara ya jikoni juu yake. Nikachagua shina nene kuliko mengine, unene wa mguu wangu hivi, nikanyanyua panga.

Panga liligonga likarudi. Mkono ulikufa ganzi mpaka kwenye kiwiko, na mlio ule haukuwa wa mti, ulikuwa kama nimegonga chuma. Nikapiga tena palepale, sasa kwa hasira. Mara ya nne au ya tano kikaruka kipande kikaangukia mchangani.

"We binti! Weka panga chini!"

Babu mlinzi anakuja mbio kutoka getini, kandambili moja imemvuka njiani, kirungu mkononi. Nikamwambia shikamoo babu. Hakuitikia. Yule mzee alikuwa anaitikia shikamoo za chuo kizima tangu saa kumi na mbili asubuhi, mmoja mmoja, na siku ile yangu aliiacha hewani. Alipiga magoti, akatafuta kwenye mchanga mpaka akakipata kile kipande, akatoa kisu kidogo mfukoni na kuanza kukibandua upande wa nje. Hakuwa na haraka tena. Nje palikuwa peupe, weupe wa kuelekea njano, pakatoka kwa tabaka nyembamba. Ndani pakabaki peusi. Si weusi wa mkaa. Ulikuwa weusi wenye zambarau kwa mbali, na alipousugua kwa kidole chenye jasho ukang'aa.

"Unaujua?"

"Hapana, babu."

Kando yetu kulikuwa na ndoo ya bati yenye maji ya kumwagilia miche. Akakidondosha humo. Mti unaelea, ndivyo nilivyojua maisha yangu yote. Kile kilikwenda chini moja kwa moja, kikagonga kitako cha ndoo, tukakisikia sote wanne.

"Baba yangu alikuwa mchongaji, kwetu Newala," akasema. "Alikuwa anatembea siku nzima kuufuata huu. Nyinyi umewaotea jikoni."

Mpingo. Mimi nimekulia Lindi, nyumbani kabatini kuna kinyago cha Kimakonde tangu sijazaliwa, nilikuwa nakifuta vumbi kila Jumamosi. Shuleni nilijibu kwenye mtihani kwamba mpingo ndio mti wa taifa. Nilijua hata kwamba Ulaya wanatengenezea klarineti. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na sijawahi kuutambua ukiwa hai, na siku niliyokutana nao nilikuwa na panga.

Mengine yalikwenda upesi. Magari ya wageni yakaegeshwa uwanja wa mpira. Hotuba zikasomwa, mmoja akamtaja Wangari Maathai, yule mama wa Kenya wa kupanda miti, na Nobeli yake ya 2004, tukapiga makofi. Septemba ya mwaka huohuo mama yule akafariki. Tulipanda miche mingi, mijohoro na mikrismasi, na kiangazi kilipoingia hapakuwa na wa kuimwagilia. Lakini kabla ya wageni kufika nilikata kipande kingine cha bati, nikaandika MPINGO, nikakifunga kwa waya kwenye shina lilelile nililolijeruhi. Nilikaza kwa koleo nilizoazima kwa fundi wa umeme, nikakaza tena. Sikutaka kidondoke. Babu alisimama pembeni akitazama, na nilipomaliza akasema, "Haya, marahaba."

Nilirudi miaka saba baadaye kufuatilia cheti. Babu hakuwepo tena getini, na kijana niliyemkuta hakumfahamu. Nikapita moja kwa moja nyuma ya jiko. Mpingo upo. Pale nilipopiga panga gome limejikunja pembeni kama mdomo, bado halijakutana. Kibao kimeliwa na kutu, imebaki herufi moja na nusu. Ila waya. Shina lilikuwa limenenepa kidogo, na waya wangu ulikuwa umeingia ndani ya gome, juu yake limevimba, chini yake limebana. Nilijaribu kuutoa kwa kucha, kisha kwa funguo ya nyumba. Nusu ukakatika ukatoka mkononi. Nusu ulibaki humohumo.

Panga nilipiga kwa kutojua. Waya niliufunga kwa mapenzi, na sijui hadi leo kipi kimeuumiza zaidi.

Jana tumekwenda na mwanangu kwenye kitalu. Yeye amechagua mkrismasi, kwa ajili ya maua mekundu, nami sikumkatalia. Mimi nimenunua mpingo, urefu wa shubiri moja, miiba imeshaanza. Watu wa misitu wanasema utahitaji miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa. Sisi tumepanga, na mwenye nyumba ameshasema hataki mpangaji apande mti wa kudumu. Huku kwetu ukipanda mti ni kama umeanza kudai kiwanja, simlaumu.

Kwa hiyo uko hapa mlangoni kwenye kiroba chake. Mwanangu ameumwagilia asubuhi, kisha akauliza kama tuufungie kamba kwenye kijiti ili usimame wima. Nimemwambia asubiri kwanza.