Indiketa ya kulia ya Datsun yangu

Kwa wiki tatu indiketa ya kulia ilikuwa haiwaki, nikawa nikikata kona za kulia kwa kutoa mkono dirishani. Hapa Busia, upande wa Uganda, si ajabu, ila juzi karibu na soko kijana wa bodaboda alidhani namsalimia. Akanipungia na yeye, huku akinipita upande wa kulia! Nilikanyaga breki, kreti za nyanya zikagonga kebini. Nikasema basi.

Pikapu yenyewe ni Datsun 620 ya mwaka 1977. Fundi wa kwanza hakufungua hata kifuniko. "Mzee, swichi ya hii gari hupati. Tukate waya, nikubandikie swichi za kubonyeza kwenye dashibodi." Shilingi 80,000. Nikamwambia nitafikiria, yaani hapana. Nimeshaona gari zilizokatwa waya namna hiyo: mwaka ukipita hakuna anayejua waya upi unakwenda wapi, hata aliyezikata.

Kufikiria nilifikiria kweli. Kushoto inapepesa, kwa hiyo fyuzi na flasha, kile kidude kinachozipepesa taa, ni nzima. Nikiwasha hazadi, taa za pande zote zinapepesa, kwa hiyo balbu za kulia hazijaungua. Kilichobaki ni swichi kwenye shingo ya usukani.

Jumapili nikachomoa waya wa hasi wa betri, nikatoa kifuniko cha honi, nikatia alama ya chaki ili usukani usije ukarudi umepinda. Ile nati ya katikati usiitoe yote. Iache imeshika nyuzi chache ndipo uutikise usukani, la sivyo ukiachia ghafla utaupokea kwa meno.

Nilipoifungua swichi, gololi moja ndogo iliruka pamoja na springi yake. Bila gololi hiyo mkono wa indiketa hauna pa kukamata, unalegea tu. Tuliitafuta nusu saa nzima, mimi na mwanangu na tochi ya simu. "Baba, si hii hapa kwenye kandambili yako?"

Ndani, kibamba cha shaba cha kushoto kilikuwa bado kinang'aa kidogo. Cha kulia kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni, na grisi yake imeganda kama nta. Haishangazi. Huku tunaendesha kushoto, kwa hiyo kila ukitaka kulipita lori unawasha ya kulia, na barabara ya kwenda Jinja ni malori matupu. Nikakisugua kwa msasa laini, nikafuta kwa spiriti, nikainua ulimi wake kidogo kwa ncha ya bisibisi ili ugusane vizuri, nikapaka grisi mpya kiduchu.

Nikarudisha betri, nikasukuma mkono: tik, tik, tik. Mwanangu alikuwa nyuma ya gari akipiga kelele, "Inawaka! Inawaka!"

Ila kile kidole cha plastiki kinachoizima usukani ukinyooka kimevunjika, na hicho sikuweza kukitengeneza. Jana nimetoka Bugiri hadi nyumbani ya kulia ikipepesa njia nzima.