Mchoro wa Chumba cha Wageni

Miezi saba niliambiwa baba yuko safarini kikazi. Nilikuwa na miaka tisa. Safari gani hiyo isiyo na hata simu? Usiku nilijipa jibu langu mwenyewe: siku chache kabla hajaondoka nilikuwa nimemjibu vibaya, basi ameondoka kwa ajili yangu.

Aliyenitoa kwenye mawazo hayo ni mama mmoja wa kikundi cha kujitolea kilichosaidia familia zenye mtu gerezani. Mama yangu alikutana naye kwenye foleni ya kuwaona wafungwa. Jioni moja alikuja nyumbani, akasema kwa upole bila kuzunguka: "Dada, mtoto anajua kuna jambo. Mwambie wewe, asije akaambiwa na wenzake shuleni."

Mama akaniambia. Neno "jela" lilimtoka kwa taabu. Nikauliza kama ni kosa langu, naye akaangua kilio. Mgeni ndiye aliyenijibu: "Hapana, mwanangu. Wewe huhusiki kabisa."

Kisha akaomba daftari langu la hesabu. Ukurasa wa mwisho akachora mlango, meza ya askari, mahali pa kupekuliwa, kioo, na simu ya kuongelea. Ng'ambo ya kioo akatia alama. "Baba atakaa hapa. Hutaweza kumshika. Nakwambia leo usije ukashtuka."

Ukubwani nimesoma Kanuni za Nelson Mandela, zile za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa zilizopitishwa mwaka 2015. Kanuni ya 60 inakataza wageni kupekuliwa kwa kudhalilishwa. Ya 106 inataka uhusiano wa mfungwa na familia yake uangaliwe kwa namna ya pekee. Nafurahi zimeandikwa. Ila kumchorea mtoto kile kioo kunataka mtu aje mpaka nyumbani, jioni, amechoka na kazi zake.

Siku ya kumwona baba nilikwenda na ule ukurasa mfukoni. Askari aliukunjua, akautazama, akanirudishia. Baba alikuwa amekonda. Nilipopewa simu sikupata la kusema, nikaubandika mchoro kwenye kioo. Akaweka kidole kwenye ile alama, akautazama kwa muda mrefu.

"Aliyechora amesahau dirisha," akasema. "Liko huku nyuma yangu, unaliona?"

Niliporudi nyumbani nikaliongeza kwa penseli.